Bei ya Dirisha

Mwaka wa kwanza nilikuwa namwuliza mteja,
"Wewe una kiasi gani?"
Naye, kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe,
hutazama dari, hukohoa,
hutaja nusu ya alichonacho mfukoni.
Nami napokea.
Usiku nachora, chumba kimoja hapa Nkuhungu,
feni inazungusha vumbi lilelile la mchana,
nachora sebule pana kuliko nyumba nzima niliyopanga.

Mali bila daftari, wanasema. Nikanunua daftari.
La jalada gumu, elfu tatu na mia tano,
na muuzaji pale Majengo hakuniuliza nina kiasi gani.

Ukurasa wa kwanza nikaandika: umeme. Wino.
Karatasi zile kubwa kama shuka la mtoto.
Bodaboda mpaka Iyumbwa kupima kiwanja
ambacho jiwe lake la mpaka, jirani anaapa,
lilihamishwa na mbuzi.
Macho yangu.
Hapo kalamu ikasita. Macho yanapigiwaje hesabu?

Bwana Mendalwa wa wizarani aliliacha gari likinguruma nje,
kiyoyozi kikimngoja.
Anataka ghorofa, roshani iitazame Mtumba.
Nikataja milioni mbili na nusu,
sauti ikanikatika kwenye "nusu".
Akasema, "Basi?"
Neno hilo nimetembea nalo mwezi mzima
kama kokoto kiatuni.
Kumbe alidhani ni malipo ya kwanza.

Shirika la Area C walitaka ankara, risiti ya mashine,
namba ya mlipakodi, barua ya kuomba,
na barua ya kukiri kwamba ile barua imefika.
Watalipa baada ya siku tisini.
Siku tisini! Uwele unapandwa, unafukuziwa ndege, unavunwa.
Nikaitoza kazi, kisha nikautoza na uwele.

Lakini bei ngumu kuliko zote ni ya shemeji.
"Si unabonyezabonyeza tu, kompyuta ndiyo inachora?"
Kwa udugu, Chibago nikamchorea bure.
Akarudi mara kumi na moja.
Choo kiende mashariki. Choo kirudi magharibi.
Choo kisitazamane na mlango wa mama mkwe.
Cha bure hakina ukingo.
Mara ya kumi na mbili nikamtajia laki tatu:
choo kikatulia palepale.

Halafu Alhamisi moja akaingia Mama Nyendo, wa Mvumi,
vyumba viwili na jiko,
amevichora mwenyewe kwa mkaa nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.
Nikatazama kandambili zake,
moja ina kamba ya bluu, nyingine ina waya.
Daftari nikalifungua. Nikalifunga.
"Elfu thelathini, mama."

Akanyamaza kidogo.
"Yule aliyetoka sasa hivi, umemwambia ngapi?"
"Laki mbili."
"Nyumba kama yangu?"
"Kama yako."
"Basi yangu umeichora ukuta mmoja?"

Akafungua fundo la khanga. Noti zinanuka moshi na karanga.
Akahesabu laki moja, polepole, kwa Kigogo.
"Iliyobaki, zabibu zikivunwa. Andika.
Na usinionee huruma kwa kalamu, mwanangu.
Huruma haizuii mvua."

Nikaandika. Jina, tarehe, salio.
Usiku ule nilichora kama mtu anayechorea wizara,
na jikoni, upande upepo unakotokea,
nikaongeza dirisha moja.
Hakuliomba. Sikulitoza.

Machi akarudi na laki yake iliyokunjwa mara nne.
Akaikagua ramani kama anayechambua mchele,
kidole kikatua jikoni.
"Na hili? Hili bei gani?"

Nilikuwa na jibu. Naapa nilikuwa nalo mdomoni.
Simu ikaita.
Chibago.
Choo.